Kasanduku Kalipolia kwa Mama

Mama yangu alikuwa mutu wa milima ya Masisi, upande wa Ngungu. Baba alimuoa akamleta kwetu Walikale, porini karibu na Mpofi, na hapo walimwita Mugeni tu, hata nilipokuwa nimekwisha kubadilisha meno. Wote waliomwita hivyo ninawakumbuka kwa majina, mmoja mmoja. Wamelala, niwaache walale.

Miaka ile kabla ya uhuru, Wazungu walizunguka porini wakitafuta mawe. Ya bati tuliyazoea. Lakini huyu mmoja alitafuta mawe yenye moto usioonekana, moto ambao kwao walianza kuuendeshea mashine na kuwashia taa za miji. Alibeba kasanduku. Kakikaribia mawe hayo kanalia: ta, ta, ta-ta-ta.

Sasa, kwetu misa tulienda, ndiyo. Lakini mtoto akizidiwa, mganga alipitisha kibuyu chenye mbegu mlango kwa mlango. Pale kibuyu kinapolia, njo mulozi, yule mwenye kuroga watu, analala. Na juma lile mtoto wa jirani alikuwa na homa.

Muzungu akaingia kijijini, kasanduku kakapita nyumba zote kimya. Kufika kwetu, penye jiwe la mama la kusagia, kakalia kama mvua juu ya mabati.

Jirani akapiga kelele: "Nilisema! Mugeni njo anakula mutoto yangu! Arudi kwao!"

Watu wakasogea. Mimi nikashika kitenge cha mama, nikiwaza ile njia ndefu ya Ngungu na mito yake.

Mama akafuta unga mikononi. "Muzuri. Lakini mwenye kubeba kibuyu anaanzaka kujipitishia yeye mwenyewe. Ao desturi yenu imebadilika? Papa Muzungu, jipime."

Mpishi wa yule Muzungu akatafsiri huku akizuia kicheko. Muzungu akaleta mkono wake wenye saa karibu na kasanduku. Yesu wangu! Kakalia kuliko kwetu, bila kupumua.

"Kumbe mulozi mukubwa iko huyu!" mzee mmoja akasema, na watu wakacheka mpaka wakashika magoti.

Muzungu akavua saa, akaifunika kwa kofia, tukachungulia: namba zinang'aa kijani ndani ya giza. Mpishi akatueleza: "Hii rangi ya kung'aa imetoka mu yale mawe ya moto. Kasanduku kanasikia mawe, hakasikie batu." Wakamsimamisha mama mbali na jiwe lake, wakampima. Kasanduku kimya kabisa.

Muzungu akavunja kipande kidogo pembeni mwa jiwe la mama, akaenda nacho, hakurudi tena. Homa ya mtoto ikashuka. Siku moja jirani akaja na mahindi kichwani.

"Mugeni, niazime jiwe."

Mama akaendelea kusaga. "Jina yangu unaijua."

Jirani akatazama chini, akaitaja. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia jina ya mama yangu katika kinywa cha kijiji kile. Mama akasimama, akamuachia nafasi penye jiwe.