Matundu Upande wa Kulia

Shule niliacha darasa la pili, useremala nikajifunza kwa kutazama, na sioni haya kusema. Haya naiona kwa jambo la mwezi uliopita.

Nilijenga meza mpya ya kurandia hapa Karatu, nikaifunga ukutani. Mke wangu akauliza, "Baba Paulo, hayo matundu ya vigingi huyajaribu kwanza?" Nikamwambia anyamaze. Niliyatoboa yote upande wa kulia, sawasawa na meza ya mwalimu wangu wa useremala kule Oldeani.

Jumamosi wazee wa kanisa wakaja kunipima kabla ya kunipa kazi ya milango. Nikachomeka kigingi cha kuzuia ubao, nikasukuma randa kwa nguvu. Ubao ukateleza kushoto, ukamwangukia Mzee Akonaay mguuni.

"Mti huu una mafuta," nikasema.

Mzee akasugua mguu, akayatazama matundu. "Ndugu fundi, mwalimu wako namfahamu. Husukuma randa kwenda kulia, maana anatumia mkono wa kushoto. Wewe unayetumia wa kulia je?"

Miaka mitatu nilifagia maranda ya mtu yule. Milango wamempa yeye.