Jina la Kupatanisha

Juzi, hapa Ilomba, Mbeya, binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari la Kiingereza. "Mama, kuna neno linafanana na jina lako." Irenic. Kamusi ilisema ni sifa ya mtu anayetafuta suluhu, na kwamba limetokana na neno la Kigiriki, eirene, yaani amani.

Mimi nilikwishaambiwa hayo nikiwa na miaka tisa, kule kijijini kwetu karibu na Igowole. Mchungaji alinishika bega baada ya ibada. "Irene, bibi yako ndiye aliyeniomba jina lenye amani ndani yake. Nikampa hilo la Wagiriki."

Sababu niliijua. Baba na baba mdogo walikuwa hawasemeshani tangu kabla sijazaliwa, wakigombea kinyungu, shamba la bondeni lenye maji hata kiangazi. Bibi, aliyezaa wote wawili, alikaa nyumba ya katikati. Kila Jumapili, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya chai, alichemsha viazi, akajaza kikapu. "Peleka kwa baba yako mdogo. Sema ametuma baba yako." Nilirudi na maharage mabichi, nikasema yametumwa na baba mdogo. Aliyenipa ni mkewe, kwa kuombwa na bibi. Baba aliyala. Niliona kama jina langu linafanya kazi.

Ndipo Jumapili moja baba mdogo akaja mwenyewe, kuku kwapani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kaka, nimekuja kushukuru. Vile viazi."

"Viazi gani? Mimi sijawahi kukupa kitu."

Baba mdogo alinitazama mimi, si baba. Sijawahi kutazamwa vile tena. Akaondoka na kuku wake. Wiki ileile alizungushia kinyungu seng'enge.

Bibi hakunigombeza. Alikaa jikoni, mikono ndani ya kitenge, akasema tu, "Basi." Hakuchemsha tena viazi vya Jumapili. Msimu wa baridi uliofuata tulimzika. Wanawe walichimba kaburi kwa zamu, mmoja akitoka ndipo mwingine anaingia.

Sasa nao hawapo. Bonde zima ni milingoti, ile mikaratusi inayonyonya maji, kijito kimekauka, nyumba zote tatu zimeanguka. Mtoto wa baba mdogo anauza vitenge hapahapa Mbeya. Tukikutana sokoni, yeye huinamia bidhaa zake, nami napita.