Uso na Ubavu

Mume wangu ana studio ya picha za paspoti na harusi, na haamini hata kivuli chake. Miaka kumi na tisa amekataa kukatia kamera zake bima, eti mawakala wanauliza maswali ya mwizi: vifaa vinalala wapi, mlango una kufuli ngapi, nani ana ufunguo.

Wiki hii kinyozi wa mlango wa pili alivunjiwa, ndipo mume wangu akamwita wakala mmoja wa bima, mama wa makamo. Hata fomu haijafunguliwa, akamkalisha kwenye stuli, akawasha taa, akampiga picha ya uso, kisha ya ubavu.

"Ya nini hii, baba?"

"Kila anayeulizia kamera zangu namweka humu. Zikiibwa, polisi wasihangaike."

Akatoa albamu nyeusi ambayo mimi sikuwahi kuiona. Yule mama akaifunua huku akijikaza asicheke: mwenye nyumba, fundi umeme, hata mdogo wa mume wangu wa tumbo moja. Nilikuwa nimeleta chai, nikachungulia begani kwake. Ukurasa wa kwanza kabisa nilikuwa mimi na shela langu la harusi. Uso na ubavu. Kumbe siku ile aliponiambia, "Geuka kidogo, mpenzi," mwenzenu nilidhani ni mahaba!

Wakala akakohoa, akarudi kwenye fomu yake. "Ufunguo mwingine anao nani?"

Nikautoa wangu kwenye pochi, nikauweka juu ya karatasi.

"Andika hakuna."