Chef alienda na ufunguo, mi nikavunja kufuli

Niko mama wa miaka makumi tatu na nane, muzalishaji, mukunga, kwenye centre de santé (kituo ya afya) moja huku Fizi. Niko na batoto bane. Bwana anachimba zahabu Lulimba, anarudiaka wakati yeye anataka. Admin, ficha jina yangu. Hasira yangu usifiche!

Chef wetu anapenda kuhubiri. Kila asubui: “Mufanyakazi wa kweli hangoje kusukumwa. Mujiongoze benyewe!” Tunapiga makofi. Kisha anafunga pharmacie, chumba ya dawa, anatia ufunguo mu mufuko, anapotea. Kwetu hata seringi moja haitoke bila yeye.

Siku moja ya soko, saa sita ya muchana, mama moja alizala muzuri, lakini damu ikakatala kusimama. Dawa iko nyuma ya ile kufuli. Nikamupigia chef simu. Alikuwa Swima kwa ndoa, muziki ninausikia. “Ungojee, ninakuja. Muntu asiguse kufuli yangu!”

Na mi nikangojea. Bandugu, nilingojea! Dakika makumi mbili ninakanda tumbo ya ule mama, midomo yake inakuwa nyeupe, ju ya kuogopa mwanaume moja. Mama mukwe wake akanishika mukono: “We muzalishaji, unangojea afe?” Njo nikabeba jiwe, benzangu ba kazi banapiga kelele nyuma yangu, nikavunja, nikamupa dawa. Mama alipona. Lakini zile dakika makumi mbili ziko zinanichoma mpaka leo.

Chef alipofika hakuuliza mugonjwa iko namna gani. Alitazama kufuli. Kesho yake akanipa barua, demande d'explication: nijibu kwa maandishi juu ya nini nimeharibu mali ya centre na kukosea mukubwa heshima. Nikamuuliza, “Chef, si we njo unasemaka tujiongoze?” Akacheka. “Kujiongoza ni kunitii hata kabla sijasema.”

Aksanti! Upuzi gani huu? Na benzangu, wale wale benye walipiga kelele “Vunja, mama, vunja!”, sasa bananinongonea pembeni: “Omba tu samahani, mukubwa hakosake.”

Nikiandika samahani, siku ingine muzalishaji mwingine ataona jiwe na hatalibeba. Nikikatala, chef amesema atanifukuza. Mwisho wa kujibu ni kesho asubui, na karatasi iko nyeupe mbele yangu. Batoto bangu banakula ju ya hii kazi. Lakini ule mama naye iko na batoto, na leo banamuita mama, banamusikia akiitika. Munishauri, bandugu: niandike nini?