Siku Tulipolimwaga Begi la Leokadia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa huwa naacha ninachokifanya, nakaa kitako kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nina nguvu, nina mdomo, na nina hakika na kila ninachokisema. Nimetaka kukusimulia tangu Jumamosi uliponipigia simu kutoka Geita, ukaniambia yule kijana wa Kichina mnayefanya naye kazi mtamboni ndiye anayepeleka maneno kwa bosi, na kwamba wenzako wamekubaliana kumfundisha adabu. Nilikuuliza, "Nani kamwona?" Ukanijibu, "Mama, kila mtu anajua." Nikakata simu nikisingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri tu, ila nilisikia sauti yangu ya zamani ikitoka kinywani mwako na sikuipenda.

Kwanza nikiri jambo ambalo baba yako analijua vizuri. Mimi ni mtu wa kushuku. Sokoni sichukui fungu la nyanya bila kuligeuza juu chini. Mgeni akiisifia nyumba yangu kupita kiasi, akishaondoka nakwenda kuangalia kama vijiko vyote vipo. Kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni malaika.

Wakati huo nilikuwa Rwamgasa, hukohuko Geita, kwenye machimbo madogo. Nyumbani Kolandoto mvua zilitunyima miaka miwili mfululizo, ng'ombe wa babu yako wakapungua, nami nikafuata wenzangu kwenye dhahabu. Nikapata kibarua kwenye mwalo. Wewe wa mitambo ya kisasa huenda hujaugusa mwalo, basi nikueleze. Ni kama mfereji wa mbao ulioinamishwa, ndani umetandikwa magunia. Mawe yakishasagwa kuwa unga, tunaumwaga hapo juu na kuusukuma kwa maji. Mchanga unakwenda zake, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye magunia. Baadaye tunayakung'uta magunia kwenye beseni, na yale masalia tunayapepeta kwa maji kwenye karai mpaka uone ule mkia wa njano chini. Ni kazi ya kushinda mikono iko majini.

Kiangazi kile mikono yangu ilipasuka vibaya, nikawa namega ugali huku machozi yananilenga. Bibi yako akaniletea samli kwa mtu aliyekuwa anakuja Geita, chupa nzima, ya ng'ombe wetu wenyewe. Wasukuma tuliokulia kwenye maziwa unatujua. Kwetu samli ni mboga, ni dawa, na ni mafuta ya kujipaka. Nikawa najipaka asubuhi kabla ya kazi, mchana najipaka tena mpaka viwikoni. Nikiinusa nilikuwa nyumbani kabisa, namsikia mama akiwafokea ndama.

Wiki hiyohiyo akaja Leokadia.

Mwenye mwalo, Baba Nkwimba, alifika naye asubuhi akasema, "Huyu ataosha na nyinyi." Hakueleza zaidi, naye hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Binti alikuwa wa rika langu. Mama yake Mzinza wa upande wa Sengerema, amelala kitandani anaumwa, na Leokadia ndiye mtoto wake pekee. Baba yake Mzungu aliyekuja zamani kutafuta madini, akaondoka kabla mtoto hajazaliwa. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, nywele zina rangi ya udongo mkavu. Akatusalimia kwa Kisukuma safi, "Mwangaluka!" Tukamwitikia kwa shingo upande. Nikamwuma sikio mwenzangu, "Kisukuma kajifunzia wapi huyu?" Sijui nilitaka atusalimie kwa lugha gani.

Nisikufiche hali ilivyokuwa. Miezi ile magari ya watafiti yalikuwa hayaishi kupita. Wanashuka Wazungu na vijana wa mjini, wanapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu mpaka kwenye mashamba ya watu, wanaondoka bila kumweleza mtu lolote. Tetesi zikasema eneo lote limeshapewa kampuni, na sisi tutaondolewa siku yoyote. Tulikuwa na haki ya kuogopa, hilo nalisema mpaka leo. Lakini Mzungu wa kweli alikuwa ndani ya gari, kioo kimefungwa, na hatukuwa na ubavu wa kumwuliza. Leokadia alikuwa hapa, anachota maji na ndoo kama sisi.

Siku ya tatu tangu aje, dhahabu ilipungua. Ya nne ikapungua zaidi. Mawe ni yaleyale, yametoka duara lilelile, yaani lile shimo ambalo wiki iliyotangulia lilikuwa linatuchekea. Nikaanza kumtazama. Akiinama, natazama vidole vyake. Akienda kujisaidia, nahesabu muda. Kitu kimoja tu sikukitazama, mwanangu, nacho nilikuwa ninacho mikononi.

Kisha nikamwona bombani anaongea na dereva wa gari la watafiti. Walisimama kitambo, dereva akatikisa kichwa, yeye akainamisha uso. Sikusikia walichosema, wala sikuona haja ya kusikia. Nilirudi mbio kwa akina mama pale mwaloni nikawaambia, "Tangu aje huyu dhahabu imekimbia, na sasa nimemwona kwa macho yangu anatoa taarifa zetu." Mpaka mchana maneno yalikuwa yameota miguu. Mtu mmoja akasema Leokadia amepewa bahasha na dereva. Bahasha sikuisema mimi. Lakini nilipoulizwa, nilinyamaza kwa namna ya mtu anayejua.

Wale wachimbaji wa duara wakasikia. Wakaja saa tisa alasiri, wanaume sita, vumbi mpaka kwenye kope, wametoka chini ardhini ambako mtu anaweza asirudi. Mbele yao alikuwa Masanja, kijana mpole siku nyingine zote. Hakusalimia. Alilichukua begi la Leokadia lililokuwa kwenye kigingi cha banda, akaligeuza, vitu vyote vikamwagika kwenye tope. Kanga moja, kipande cha sabuni, dawa za mama yake ndani ya karatasi, na picha ya zamani ya Mzungu mmoja mwenye kofia.

"Bosi wake huyu hapa!" Masanja akapaza sauti.

"Ni baba yangu," Leokadia akasema. "Nilimwuliza dereva kama kuna anayemjua. Akasema hakuna."

Wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mmoja akamsukuma, akaanguka kwenye maji machafu ya mwalo, na mwingine nyuma yake akaokota jiwe. Hapo kicheko changu kikakauka. Nilikuwa nimetaka afukuzwe, mwanangu, sikuwa nimetaka afe. Lakini hakuna aliyekuja kuniuliza nilitaka kiasi gani.

Aliyesimama ni Mama Shija, mwoshaji mzee kuliko sisi wote pale, mwanamke mfupi, mkavu, ambaye kutwa nzima aliweza asitoe maneno matano. Akaenda akasimama katikati ya yule mwenye jiwe na Leokadia.

"Hilo jiwe liweke chini, wewe. Mnasema dhahabu imekimbia? Basi tuitafute. Mkiikuta kwake, mimi mwenyewe nitawapisha."

Akafungua mfuko mmoja wa masalia, akachota mara tatu, akayaweka kwenye makarai matatu. Moja akalishika yeye, moja akampa Leokadia, na moja akanipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi. Wanaume wakatuzunguka. Tukachuchumaa kwenye pipa la maji, tukaanza kupepeta.

Tope lilikuwa linamchuruzika Leokadia shingoni, lakini mkono wake ulikuwa wa mtu anayeijua kazi. Karai lake likatoa mkia wa njano, mwembamba, safi. La Mama Shija likatoa hivyohivyo. Mimi nikazungusha, nikazungusha, nikaona maji yangu yana utando unaong'aa, na juu ya utando ule vichembe vya dhahabu vinaelea kama pumba. Nikiinamisha karai, vinatoka na maji vinakwenda zake. Watu sita walikuwa wameinama wanaviangalia vikienda.

Mama Shija akaukamata mkono wangu, akaunusa.

"Umejipaka nini, ng'wanone?" akaniuliza, kama mama anavyomwita mwanawe.

"Samli, mayu," nikamjibu, kama tunavyowaita mama zetu.

"Tangu lini?"

Nikahesabu moyoni, nikatamani ardhi ipasuke. "Tangu wiki aliyokuja yeye."

Mafuta yakigusa dhahabu ile laini, inakataa kuzama, hata ukiwa na zebaki inakataa kushika. Waoshaji wazee wote wanalijua hilo. Mimi hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyenishuku. Nilikuwa mtoto wa Kisukuma, mwenzao, ninayenuka samli kama mama zao. Pua zote pale zilinisikia kila siku, na macho yote yakaenda kwa Leokadia.

Unajua kilichofuata? Walicheka tena. Masanja aliangua kicheko mpaka akashika magoti, "Kumbe samli!" Wakaanza kunitania hapohapo, wakaniita Mama Samli, jina lililonifuata mpaka nilipoondoka Rwamgasa. Kwao lilikuwa limekwisha, wakaenda dukani kunywa soda. Hakuna aliyemwinua Leokadia, wala aliyeokota dawa za mama yake.

Mama Shija alinitazama bila hasira, na hiyo ilinichoma kuliko kama angenizaba kofi. Akasema, "Wewe ulikuwa unamtafuta mwizi. Ungekuwa unaitafuta dhahabu, ungeipata siku ya kwanza." Kisha akaenda kuokota zile dawa, moja moja, anazipangusa kwa kanga yake.

Baba Nkwimba alipopata habari alimwomba Leokadia abaki. Akakataa. Nilimfuata mpaka barabarani, mikono nimeificha chini ya kanga, nikamwambia, "Leokadia, nisamehe." Alikuwa anaikausha ile picha kwa upindo wa gauni. Hakunitukana. Alisema taratibu kabisa, "Dada, wewe jioni utainawa samli yako kwa majivu, kesho utaendelea na kazi. Mimi nitanawa nini?"

 Ikapita bodaboda, akapanda. Sikumwona tena. Sijui kama mama yake alipona, sijui alipata wapi kazi nyingine. Wakati mwingine naona mwanamke chotara kwenye kituo cha basi Shinyanga, namfuata nimwone uso, kumbe siye. Na kama angekuwa yeye, sijui ningesema nini.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikwambii uwapende watu wote, maana mimi mwenyewe siwezi. Hasira yenu kwa bosi naielewa. Kama anawafokea kama watoto, kama saa za kazi hazina mwisho na mkiumia hakuna gari la hospitali, hilo ni jambo la kusemwa, na lisemwe kwake, mkiwa wote, mchana kweupe. Mbona mnamgeukia kijana wa umri wako, aliye peke yake kati yenu, anayekula mgongo ameugeuzia ukuta? Mimi najua kwa nini. Ni kwa sababu yeye mnamweza.

Ukisikia "kila mtu anajua," simama hapohapo umwulize aliyesema, jina kwa jina, nani ameona na ameona nini. Ukikuta wa kwanza kusema ni wewe, kama nilivyokuwa mimi, basi jikague kwanza, tena kwa ukali uleule uliomwandalia mwenzako. Kushuku si dhambi. Dhambi ni kumshuku mmoja na kuwaacha wote wanaofanana na wewe. Na kama kweli anapeleka maneno, mwulizeni yeye, kwa mdomo, akiwa na nafasi ya kujibu.

Jingine ni hili. Hao wenzako hawatakuomba urushe jiwe. Watakuomba unyamaze tu, au utikise kichwa wakikutazama. Mimi sikuokota jiwe siku ile. Niliwapa wengine sababu ya kuliokota, na miaka yote hii sijapata mtu wa kunishawishi kwamba hiyo ni kazi ndogo zaidi. Na ukikosea, rudi uliseme kosa lako mahali palepale uliposemea uongo, kwa sauti ileile. Mimi msamaha niliuombea barabarani, tukiwa wawili, wakati maneno yangu niliyatangaza mbele ya mwalo mzima. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko samli.

Kwa hiyo kesho, kabla hamjaanza kazi, wafuate hao wenzako ukawaambie wewe hushiriki jambo lao. Watakuita majina, utayazoea, mimi niliyazoea. Halafu saa ya kula, chukua sahani yako ukakae alipo yule kijana. Huna haja ya hotuba. Kaa, kula.

Mungu akutangulie unakopita, mwanangu, akupe riziki isiyokuja na machozi ya mtu. Akukinge na wenye nia mbaya, maana wapo, na mimi sitaacha kuwatazama. Na wewe akuchunge, asubuhi na jioni, ili asitokee mtoto wa mwanamke mwenzangu ambaye mama yake anahitaji kumwombea akingwe dhidi yako.