Tawi la Vioo Kyela

Fedha ya kakao yangu ya misimu miwili niliiingiza kwenye vioo. Kampuni moja ya Mbeya ilikuwa ikiuza matawi: unalipa, unafundishwa kukarabati madirisha, unapewa vifaa na jina lao, na Kyela yote inakuwa yako. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa joto hili watu wanataka nyavu, wewe unawapelekea vioo?" Nikamwambia cheka tu, meno ni yako.

Sharti lao lilikuwa moja: nyumba ya kwanza inakaguliwa. Mkaguzi akikuta dirisha limevunjwa, wanachukua jina lao, na fedha hairudi.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu kule Njisi, jirani wa mama yangu. Nyumba aliijenga baba yake, ya tofali za kuchoma, na vioo vilikuwa vimepasuka. Dirisha la chumbani lilikuwa kubwa kama mlango, tena fundi wa zamani alilishikiza kwa kabari za mbao tu; ukizigonga, fremu nzima inatoka. Nikaona huo ni uzembe. Mbeya tulifundishwa fremu isitikisike. Nikang'oa kabari, nikapiga sementi, nikazungushia silikoni. Mzee alikuwa kitandani anaumwa, akanitazama akasema, "Umelifunga kweli kweli, binti." Nikadhani ananisifu. Loh!

Wiki hiyo hiyo akafariki.

Siku ya maziko, ndizi na mchele vimeshashushwa, wanaume wakaingia chumbani kubeba jeneza. Wakakwama. Korido ya ile nyumba ina kona nyembamba. Jeneza tupu waliliingiza wima, lakini sasa lilikuwa na mtu. Mmoja akasema walisimamishe tena. "Wee!" wazee wakamkemea. "Marehemu hasimamishwi kama gunia la mpunga!" Ndipo nikaelewa zile kabari zilikuwa za nini. Kumbe wazazi wa mwalimu wote wawili walitolewa kwa dirisha lile.

Walinitazama tu, na afadhali wangenitukana. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake. Nilisimama pale na khanga kiunoni, moyo unaniuma, na kusema kweli ulikuwa unaiumia kakao yangu, si marehemu. Kisha nikaomba nyundo na tindo. Nikagonga mwenyewe, nalia kwa hasira, mpaka fremu ikaachia. Mwalimu akatoka amelala, kama inavyotakiwa.

Mkaguzi alitukuta bado tumeketi mikekani. Akatoa pole, akala wali, akatazama lile tundu la ukutani na fremu iliyoegemezwa kwenye mgomba. Nikamweleza yote.

"Nimekuelewa, dada," akasema. "Lakini mkataba ni mkataba."

Akabandua stika ya kampuni kwenye sanduku langu la vifaa, akapanda bajaji, akaenda zake. Nililia mbele za watu, na safari hii wala sikujifanya namlilia mwalimu.

Mjane alikuwa ameketi pembeni yangu. Akanishika mkono, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu. Dirisha nirudishie, mbu wanaingia. Ila sementi usiweke tena. Na mimi nitapita hapo hapo."