Kilima cha Mselem Hakikauki

"Nipeni burashi na ubao, nikuchorieni Pemba mpaka mupige chafya ya karafuu!"

Mselem aliyasema hayo kwa kipaza sauti, sikukuu mosi, ukumbini mtaa wa Balsall Heath, huku ughaibuni, mbele ya masinia ya biriani na mama yake mzazi. Watu wakacheka. Mama, Bi Mwanasiti, hakucheka.

"Basi nchoree Wete, kile kilima cha nyuma ya kwetu. Nikione kabla sijafunga duka."

Duka ni macho. Jicho moja lilishakwisha. La pili, daktari kasema, limebaki kuona kwa pembeni tu, na hilo nalo linaaga.

Mselem ni mpaka rangi wa nyumba. Kilima cha kwanza alikipaka kama milango ya nyumba za Newtown anakofanya kazi: laini, hakuna alama ya burashi, kinang'aa kama kioo, ungeweza kuchania nywele. Mama akakiinamia mpaka pua ikagusa.

"Hii sinia, mwanangu?"

"Anaona vitu vikubwa tu," mkewe Shemsa akamwambia. "Kinenepeshe!"

Hapo akafahamu: rangi yenyewe ndiyo iwe kilima. Akashika burashi pana, akavuta matuta ya mihogo kwa mkono mzito, akabandika kijani cheusi kwa mwiko wa lipu mpaka kivuli cha kweli kikaanguka ubaoni. Hapakuwa na jani hata moja, lakini ukirudi nyuma kidogo, mikarafuu inatikisika. Mwenyewe alijiogopa.

Kumbe ni rangi ya mafuta, ya milango, masalio ya kazini. Ikipakwa nyembamba hukauka kesho yake. Nene kama ugali hufanya ngozi juu kama maziwa, chini ikabaki mbichi. Na ilikuwa Novemba, madirisha yanatoka jasho.

"Kimekauka?" mama akiuliza kila asubuhi.

"Bado, mama."

"Mbona kuta za watu zinakauka?"

Mselem akawasha hita, akapepea, akakielekezea kikausha nywele cha Shemsa mpaka kikatoa moshi. Rangi ikamtazama tu.

Ijumaa moja mama hakuuliza. Alikaa kaelekea dirishani, chai imepoa.

"Mselem, mumezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka.

Akamwekea ubao mapajani, maana vidole bado vilikuwa vinaona. "Hapa mihogo," mama akasema, akitabasamu. "Na huku juu..." Kidole kikapasua ngozi. Kilima kikaanza kuteremka, polepole, kuelekea kwenye kanga.

"Mbona kinakwenda? Kinakwenda wapi?"

Mselem alisimama na kitambaa mkononi, hajui afute kipi, kidole au kilima.

Rangi ya wachoraji, ile ya maji inayokauka siku hiyo hiyo, inauzwa mtaa wa Selly Oak, na Mselem hakuwahi kuiulizia. Tyubu moja ni pauni nne na nusu.